Hiyo Simu Siipigi

Lang'ata, Nairobi
Jumapili jioni

Mkamburi mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nikiwa kwenye foleni dukani, ya pili ndani ya matatu, na sasa hivi hapa mezani, chai imepoa hadi ikaota utando. Unataka nimpigie yule rafiki yangu ili upate nafasi ya atachimenti, mafunzo ya kazi ya wanyamapori, kabla mwezi haujaisha, maana wenzako wawili wajomba wao wameshapiga. "Ni simu moja tu, Mama."

Siipigi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungelia, na ukilia mimi hukubali. Lakini kabla hujaninunia, kuna jambo sijawahi kukuambia: mimi mwenyewe niliingia kwa simu.

Mwaka 1998 nilikuwa na cheti cha uhazili na miaka miwili ya kutembeza bahasha ya kaki mjini. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alifahamiana na mkubwa wa mradi mmoja mdogo uliofanya kazi na wafugaji wa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Nairobi. Alipiga simu Jumanne, Alhamisi nikawa na meza. Kazi ilikuwa kupiga chapa ripoti za wengine. Miaka ikapita, afisa wa nyanjani akaacha kazi, na kwa kuwa ripoti nilizijua kwa moyo, wakanipa buti na pikipiki yake. Hakuna aliyeniuliza kama ninajua kusoma mzoga.

Huenda hilo wakakufundisha darasani kwa picha, lakini acha nikueleze. Mbuzi akifa usiku, asubuhi boma zima linasema simba. Pengine ni simba kweli. Pengine ni fisi, au chui, au mbwa koko wa mjini wanaotembea kundi. Fisi huvunja mifupa na kuila, na kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chaki. Mbwa hukimbiza huku wakirarua miguu ya nyuma na masikio, kazi chafu isiyo na mpango. Simba na chui hushika koo. Shida ni kwamba mzoga hauliwi na mmoja. Aliyeua huondoka, wengine wakaja, nawe ukifika saa nne asubuhi unakuta alama za wote. Hapo ndipo kisu kinapohitajika. Unachuna ngozi ya shingo, unaigeuza, unatazama upande wa ndani. Jino likiingia mnyama angali hai, damu huvilia chini ya ngozi, doa jeusi kama zambarau iliyopondwa. Likiingia akiwa ameshakufa, utaona tundu kavu tu. Ni kazi ya dakika tano kwa mbuzi mmoja, ukiwa na kisu kikali na ukivumilia nzi.

Mimi dakika tano hizo sikuzijua.

Ilikuwa Aprili 2003, mvua imekolea. Mbuga ya Nairobi ina ua pande tatu, lakini kusini, ng'ambo ya Mto Mbagathi, iko wazi, na mvua ikinyesha nyumbu na pundamilia hutoka kwenda nyanda za Athi-Kapiti. Simba huwafuata. Sasa simba akimkosa pundamilia gizani, mbuzi hayuko mbali. Mzee mmoja, jina lake silitaji hapa, aliamka akakuta mbuzi 11 wamelala chini. Nilifika nikaona miguu imeraruliwa, masikio yametafunwa, matumbo nje. Nikaandika: mbwa. Fedha za mradi hazikuwa nyingi, kifuta machozi tu, na kanuni ilikuwa wazi kwamba mbuzi aliyeuawa na mbwa halipwi. Mzee hakubishana nami. Aliitazama fomu, akatema mate pembeni, akaenda zake.

Siku kumi baadaye, kama kilomita mbili kutoka pale, ukapatikana mzoga wa ndama uliotiwa dawa ya kuulia wadudu. Kando yake simba jike mmoja, fisi wawili na tumbusi 19. Tumbusi niliwahesabu mimi. Simba yule tulimjua. Simba hutambuliwa kwa mpangilio wa madoa pale masharubu yanapoota, na hakuna wawili wanaofanana. Picha yake ilikuwa kwenye daftari letu, nimeibandika mwenyewe kwa gundi.

Jioni ile mwenzangu mmoja, Mmaasai aliyekuwa moran miaka michache kabla, alinirudisha kwa yule Mzee. Mkewe alikuwa amewachuna wale mbuzi wote na kuziwamba ngozi juani. Mwenzangu akazigeuza moja moja bila kusema neno. Ngozi saba zilikuwa na matundu kooni, na kuyazunguka damu imevilia.

Sisemi Mzee ndiye aliyetia sumu. Mpaka leo sijui ni nani, na hakuna aliyeshtakiwa. Ninachojua ni fomu ilijazwa na nani. Yule mama alinipa chai, tena ya maziwa mengi, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Siku ile hata pikipiki hukuizima." Ni kweli. Niliandika nikiwa bado nimeipanda.

Mjomba hakunifanyia ubaya, usinielewe vibaya. Alinitoa njaa, na sehemu ya karo yako ya chekechea imetoka kwenye simu ile. Lakini kiti nilichopewa kilikuwa cha mtu mwingine, mahali fulani, aliyejua kuchuna shingo. Baadaye nilijilipia diploma Naivasha, nikisoma na vijana waliotoka kidato cha nne juzi, wananiita shangazi. Nilikuwa nimechelewa kwa simba mmoja na tumbusi 19.

Najua wewe unachokiona ukifikiria kazi hii. Ni wale ndovu yatima hapa karibu na kwetu, wenye blanketi mgongoni, wanaonyonya chupa. Nami nawapenda. Daphne Sheldrick, mwanzilishi wa kituo chao, alihangaika miaka na miaka kupata maziwa ambayo kichanga wa ndovu angeweza kuyamudu, na alipofanikiwa, siri moja ilikuwa mafuta ya nazi (watu wa Pwani tungemwambia mapema). Lakini watu wanaokwenda kutazama wale yatima ni wengi kuliko wanaokwenda kumwuliza mwenye shamba alilala vipi jana.

Julai 18, 1989, Rais Moi alipozitia moto tani 12 za pembe za ndovu katika mbuga ya Nairobi, mimi nilikuwa kidato cha nne, kundi la kwanza la mtihani wa KCSE. Tulitazama kwenye televisheni ya jirani, nyumba za reli, Makongeni, watu wamejaa hadi mlangoni. Ndovu wa Kenya walikuwa wamebaki kama 16,000 tu, na mwanzoni mwa miaka ya sabini walizidi 160,000. Majangili walikuwa wakiua hata askari. Nyanya yangu alikuwa ametoka Mwatate kuja kutibiwa macho. Watu wakashangilia moto, naye akauliza, "Sasa hawa wakizaana tena, mahindi yangu nitayapanda wapi?" Tukacheka sana. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280. Nyanya hakuiona hesabu hiyo, lakini shamba lake bado liko palepale kando ya Tsavo, na ndovu njia ya kulifikia wanaijua kuliko binamu zako.

Mwaka 2016, Uhuru Kenyatta alipochoma tani 105, nilikuwepo mwenyewe. Ndiyo ile siku uliyonigombeza kwa kuingia sebuleni na matope. Nilisimama pale nikilikumbuka swali la nyanya, na sikusikia mtu akilijibu jukwaani. Majibu, kadiri yalivyopatikana, ni ya vipande vipande. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inasema mtu akiuawa na mnyamapori, familia yake ilipwe shilingi milioni 5. Kuandikwa ni jambo moja. Nimeketi na wajane wanaokunja nakala ya fomu mpaka maandishi yamefutika kwenye mikunjo.

Kitengela, kuanzia mwaka 2000, kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi wasizungushe seng'enge wala kuuza, wanyama wapate kupita. Dola 4 kwa eka kwa mwaka. Si nyingi, lakini zililipwa kwa awamu tatu, zikilenga wakati shule zinapofunguliwa. Aliyepanga hivyo, naamini, alikuwa na watoto wake shuleni. Nimeona mama akipokea zile pesa na kwenda nazo moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, bila hata kupitia dukani. Mwaka ule seng'enge haikujengwa kwake. Siku hizi bei ya ploti imepanda mno hata dola 4 zinachekesha, na kila nikipita pale naona ua mpya.

Halafu kuna Richard Turere, mtoto wa kulekule Kitengela. Hakuwa amefika hata miaka 14 alipogundua kwamba simba wanaogopa taa inayotembea, akaunganisha betri ya gari, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, taa zikawa zinawaka na kuzimika kuzunguka boma usiku kucha kana kwamba mtu anapiga doria. Simba hawakuja. Hakuwa na digrii, alikuwa na ng'ombe wa baba yake na usingizi aliokuwa anaukosa.

Babu yako, mtu wa reli hadi kwenye mifupa, aliposikia treni ya SGR, ile reli mpya, itapita juu ya mbuga kwenye daraja la kilomita sita alifurahi, kisha akanitazama usoni, akanyamaza. Tulikula ugali kimya siku ile. Mwaka 2019 treni ikaanza kwenda upande wa Naivasha, akaipanda. Aliporudi akaniambia ameona twiga chini yake. Sikujua nimjibu nini.

Mambo mengine nitayasema haraka kwa sababu unayajua. Mikataba ni ya mwaka mmoja mmoja, wafadhili wakichoka nawe umechoka. Mvua ndiyo msimu wa kazi, kwa hiyo sikukuu nyingi za Pasaka ulikula na baba yako. Ulipopewa zawadi ya sayansi darasa la sita nilikuwa Kapiti nasubiri daktari wa mifugo. Ile picha ninayo, lakini najua kupiga picha kulifanywa na nani.

Sasa basi. Usiandike barua nyingine ya maombi wiki hii. Yule mama aliyezihifadhi ngozi yu hai, mjukuu wake huniletea maziwa. Mumewe amefariki. Nimemwuliza kama anaweza kukaa nawe mwezi mmoja, akauliza swali moja tu, kama unaamka mapema. Nimemdanganya. Utamwita Koko, kama wanavyomwita wajukuu zake, na utamwinamishia kichwa akuguse ukimsalimu. Peleka sukari kilo nne, majani ya chai, na tochi ya betri, si ya simu. Viatu vyako vyeupe viache hapa. Asubuhi utazunguka boma pamoja naye kabla mifugo haijatoka, maana nyayo hufutika ng'ombe wakishapita. Utaandika unachokiona, na usipokijua andika kwamba hukijui. Mwezi ukiisha, daftari hilo ulipeleke mwenyewe kwenye ofisi unayoitaka, uliweke mezani.

Kisu kiko kwenye droo ya chini jikoni, kimefungwa kwa gazeti. Nimekinoa jana. Tafadhali usikikatie sukuma.

Mama yako