Risala ya Wauguzi kwa Mgeni Rasmi Siku ya Wauguzi Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa hospitali, wauguzi wenzetu na wageni waalikwa,

Tunakukaribisha kwa heshima katika maadhimisho haya ya tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, mwaka 1820. Utuwie radhi kwamba hatutasoma orodha ya mafanikio. Tumeona heri tukueleze jambo moja tu, nalo ni muuguzi anayeingia zamu ilhali anaumwa.

Mheshimiwa, muuguzi huyo anayajua madhara yake. Ndiye anayewaelimisha wengine kwamba mtu huweza kuambukiza homa ya mafua hata siku moja kabla ya kuona dalili, na kwamba aliyeharisha na kutapika kwa sababu ya norovirusi akae mbali na wagonjwa hadi zipite saa 48 tangu dalili ziishe. Lakini alfajiri, simu ikiwa mkononi, anayemfikiria ni mwenzake aliyekesha wodini, ambaye hawezi kuondoka mpaka apatikane wa kumkabidhi zamu. Basi humeza vidonge viwili vya kushusha homa, huvaa barakoa na kwenda kazini. Wapo pia wanaohofia kukatwa mshahara, na wapo wanaohofia lile swali la msimamizi, "Tena wewe?", ambalo huuma kuliko homa yenyewe.

Kwa wanaochukua likizo ya ugonjwa, mara nyingi chanzo ni kazi hii hii: migongo iliyoumia kwa kugeuza na kunyanyua wagonjwa, usingizi uliovurugwa na zamu za usiku, na uchovu wa moyo ambao, tukisema kweli, wengi huuandika kwenye fomu kuwa ni kuumwa kichwa. Mgongo ulionyimwa mapumziko ya siku mbili huja kudai wiki kadhaa, na wanaobaki wodini hubeba pengo hilo hadi nao wanaugua.

Mkataba Na. 149 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unazitaka nchi zilizouridhia ziwape wauguzi likizo ya ugonjwa kwa masharti yasiyopungua yale ya wafanyakazi wengine. Hata hivyo, pasipo mtu wa kushika zamu, haki hiyo hubaki kwenye karatasi. Kwa hiyo tunaomba kila ratiba iwe na wauguzi wa akiba, wodi zipatiwe vifaa vya kunyanyulia wagonjwa, na muuguzi anayetoa taarifa kwamba anaumwa apewe pole kabla ya kuulizwa atarudi lini.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.