Shukrani kwa fundi wa Msamvu

Wiki tatu taa ya injini inawaka, gari linakunywa mafuta kupita kawaida. Gereji mbili ziliniambia ninunue sensa mpya ya oksijeni, kile kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa gari. Kijana mmoja pale Msamvu, Morogoro, hakukimbilia kuuza. Alilipima gari kwa kompyuta, ikasoma kodi ya hitilafu P0135: saketi ya hita ya sensa, yaani njia ya umeme ya kuipasha sensa joto. Akachomoa soketi, akapima hita yenyewe, ikawa nzima. Ndipo akalala chini ya gari, akaufuata waya taratibu kwa vidole hadi alipokuta umeungua ulikogusa ekzosi. Akauunga, akaufunga mbali na joto, tukazunguka naye mpaka Kihonda. Taa haikurudi. Aliomba elfu kumi tu! Kaka, sikukuuliza jina. Mungu akubariki sana. Mafundi wengine, tafadhali pimeni kwanza.