Barua kwa Dada: Kwa nini Desemba sitoki huku

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai nyote hapo nyumbani hamjambo na miguu ya Mama imetulia. Mimi huku mzima. Baridi ipo, tuiache.

Ujumbe wako nimeupata, wote wawili: ule wa ada ya kijana na ule wa Baba Mdogo. La ada nimeliweka mwisho, usirukie huko. Nianze na la Baba Mdogo, maana ndilo lililonikaa kooni. Eti kasimama mbele ya kikao kizima akasema kazi yangu huku ni kugawa makaratasi kwa wapiga fidla, na mgawa makaratasi hakosi ruhusa ya wiki mbili Desemba akaja tukamaliza la kiwanja. Basi msomee barua hii. Avae na miwani.

Okestra ya simfoni, hilo kundi kubwa la wapiga ala ninalolihudumia, haina kipindi kigumu kama hiki cha baridi. Kuanzia mwisho wa Novemba mpaka Februari kumbi zinajaa, karibu kila wiki programu mpya ya muziki, na katikati zinabanwa zile za Krismasi na Mwaka Mpya, ambazo hupewa mazoezi machache kwa kuwa kila mtu anadhani anazijua. Anayedhani anazijua ndiye anayeingia kabla ya wenzake.

Sasa hayo makaratasi. Kwenye okestra kila mpigaji anaona noti za ala yake tu. Anayeona za wote ni kondakta, yule anayesimama mbele akiwaongoza. Watu wa vayolini na ndugu zake wa nyuzi, viola, chelo na besi, hukaa wawili wawili, stendi moja ya kuwekea noti. Okestra kamili ina vayolini za kwanza 16, za pili 14, viola 12, chelo 10 na besi 8. Gawa kwa mbili upate nakala 8, 7, 6, 5 na 4, jumla 30, na hapo sijagusa filimbi, tarumbeta wala ngoma. Hiyo ni kazi moja ya muziki. Jioni moja huwa na kazi tatu au nne.

Nakala hizo hazitoki kabatini zikaenda moja kwa moja jukwaani. Kwanza kiongozi wa vayolini anaamua upinde, ule ufito wa kusugulia nyuzi, uvutwe chini wapi na usukumwe juu wapi, anaweka alama kwenye nakala yake. Wakuu wa viola, chelo na besi wanafuatisha kwake. Chelo wakivuta huku vayolini wanasukuma katika wimbo uleule, sauti inapumua mahali pawili tofauti, na hata asiyejua muziki anaona kwa macho kwamba hawa hawajaelewana. Wakuu wakimaliza, alama hizo zinahamishwa kwa mkono kwenye nakala zote 30, kwa penseli laini ya 2B. Wino ni mwiko, kwa sababu kondakta atabadili mawazo siku ya kwanza, na nakala za kukodi lazima zirudi kwa mwenyewe zikiwa zimefutwa.

Kisha kuna kugeuza kurasa. Kwenye stendi ya watu wawili anayegeuza ni yule aliye mbali na watazamaji. Ukurasa ukikatika pasipo na kimya, nusu ya wapigaji wa ala hiyo wanaacha kupiga kwa wakati mmoja. Kama ni mahali pa sauti ndogo, ukumbi mzima unalisikia hilo pengo, na karatasi zao zinachakarika kwa pamoja. Mpuliza oboi, ala nyembamba ya mbao, yeye yuko peke yake, hana wa kumgeuzia, na mikono yote miwili iko kwenye ala. Dawa ni kunakili mistari ya mwanzo ya ukurasa unaofuata na kuibandika chini ya huu, kwa utepe usiong'aa, maana taa za jukwaani zikipiga utepe unaong'aa noti hazisomeki.

Kuna na balaa la matoleo mawili. Kitabu cha kondakta kinatoka kwa mchapishaji mmoja, nakala za wapigaji kwa mwingine. Kondakta anasema "tuanzie herufi K", wapigaji wanatazamana, kwao alama za kuanzia ni namba, si herufi. Dakika kumi zimekwenda, na mazoezi ya programu moja kwa kawaida hayazidi manne au matano, ya saa mbili na nusu au tatu kila moja, pamoja na lile la mwisho siku ya onyesho. Hivyo mtu anakaa na vitabu vyote viwili kabla, anahesabu vipimo, vile vipande vidogo vya muziki kati ya mstari na mstari, kimoja kimoja, anaandika herufi kwenye kila nakala. Mtu huyo ndiye mgawa makaratasi.

Na si karatasi zote zinanunuliwa. Nchi za Ulaya nyingi humlinda mtunzi miaka 70 baada ya kufa kwake. Prokofiev alifariki 1953, kwa hiyo tangu 2024 yuko huru. Sibelius alifariki 1957, bado ana wenyewe mpaka mwisho wa 2027. Kazi iliyolindwa mara nyingi unaikodi kwa mchapishaji, na seti hiyohiyo inazunguka kutoka okestra moja kwenda nyingine. Majira ya baridi wote wanataka vitu vilevile, hivyo asiyeagiza miezi mitatu kabla hupewa seti iliyochakaa, yenye alama za upinde za watu watano juu ya mstari mmoja. Kuzifuta tu ni kazi ya jioni nzima.

Msimu huu tunazo zile kubwa. Simfoni ya Tisa ya Beethoven ilisikika mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824, haina uhusiano wowote na baridi, lakini Leipzig, Ujerumani, huipiga kufunga mwaka na Japani Desemba ndio mwezi wake. Messiah ya Handel, ya kwaya na okestra, nayo ilianzia Dublin, Aprili 1742, leo Desemba haipiti bila hiyo. Ninachotaka Baba Mdogo ajue kuhusu hiyo Tisa ni jinsi inavyowakalisha watu bure. Ina sehemu nne, na tromboni zinapiga sehemu ya pili na ya nne tu. Filimbi ndogo, kontrabasuni, ngoma kubwa, matoazi na pembetatu zinasubiri sehemu ya nne, na sehemu tatu za kwanza zinakula kama dakika 40. Kwaya vilevile, maana kuimba kupo sehemu ya nne tu. Ala ikikaa kimya muda huo inapoa, na ikipoa sauti yake inashuka. Mpigaji mzoefu anaanza kupuliza hewa ya moto ndani yake, bila sauti, dakika chache kabla ya zamu yake.

Waimbaji wanne wa mbele ni kesi nyingine. Ukiwaketisha tangu mwanzo, koo zinakauka kwa kusubiri. Ukiwaingiza kabla ya sehemu ya tatu, watu watapiga makofi, na sehemu ya tatu inaanza taratibu mno, makofi yanaiua. Kwa maoni yangu wapitie mlango wa pembeni, waketi katikati ya kwaya ambayo imekaa tangu mwanzo, mtu asishtuke. Makondakta wengine hawataki, wanapenda makofi.

Kwenye muziki wa Tchaikovsky wa balleti (dansi ya jukwaani) ya Nutcracker, ule wa Desemba 1892, mtego ni selesta. Kwa macho ni kinanda kidogo, ndani ni nyundo zinazopiga vibao vya chuma. Okestra nyingi huikodi. Kipimo cha kimataifa cha noti ya A, ile ambayo wote hurekebishia ala zao, ni mitetemo 440 kwa sekunde, ila okestra nyingi za Ulaya ziko 442 au 443. Piano ikija chini, fundi anaikaza. Selesta ikija ya 440 kwenye okestra ya 442 imekula kwenu: iko chini kwa karibu senti 8, ambapo senti 100 ni nusu toni, yaani hatua ndogo kati ya noti mbili jirani, na vibao havikazwi jukwaani. Namba hiyo inaulizwa siku ya kuagiza, si siku ya kupokea.

Sasa nije kwenye baridi yenyewe, maana naona nyumbani mnadhani tatizo ni mtu kuvaa makoti mawili. Tatizo ni ukavu. Hewa ya nje ya digrii 10 chini ya sifuri, hata kama imejaa unyevu asilimia 80, ukiiingiza ndani ukaipasha moto mpaka digrii 20 bila kuiongezea maji, unyevu wake unashuka mpaka kama asilimia 10. Ala za mbao zinataka asilimia 40 mpaka 60. Mbao zinasinyaa. Vigingi vya vayolini vinalegea, nyuzi zinafunguka zenyewe usiku. Chelo na besi zimeunganishwa kwa gundi ya ngozi, ambayo kwa makusudi ina udhaifu kidogo, ili mambo yakiharibika mshono uachie badala ya ubao kupasuka. Mshono ukiachia unasikia mvumo kama nzi kwenye kopo, kwenye noti fulani tu, na mpigaji anaweza kuhangaika siku mbili akidhani ni uzi. Fundi akigonga kwa kidole kuzunguka ukingo wote, anaujua kwa mlio. Kinga ni mashine za unyevu zinazowashwa siku kadhaa kabla ya mazoezi, na kila sanduku kipimo chake, na kibomba cha mpira chenye sponji nyevu ndani ya vayolini. Sponji ikamuliwe vizuri. Tone likianguka ndani limeharibu kuliko ukavu.

Klarineti na oboi nyingi ni mpingo, huohuo wa kwetu. Mti mgumu, unazama majini, na bado unapasuka. Ukitoka nje na klarineti ya baridi ukaanza kupuliza papo hapo, ndani inapata joto na unyevu wa pumzi, inatanuka. Nje bado baridi, haijatanuka. Ufa unatokea kwenye kipande cha juu, mara nyingi ukipitia tundu mojawapo. Fundi anaweza kuuziba kwa gundi na pini za chuma, ila usiku huo mwenye ala hana ala. Kwa hiyo sanduku likiingia ukumbini halifunguliwi hapohapo. Liachwe limefungwa saa moja au mbili mpaka lifanane na joto la chumba, na kipande cha juu kipashwe kwa viganja au kwapani kabla ya pumzi ya kwanza.

Halafu ujue kwamba baridi inazivuta ala pande mbili. Za kupuliza zinashuka, karibu senti 3 kwa kila digrii moja. Nyuzi za vayolini zinajikaza, zinapanda. Ukumbi ukiwa digrii 10 chini ya kawaida, zimeachana theluthi ya nusu toni au zaidi, na oboi, ndiyo inayowapa wote noti ya A, inatoa A ya uongo. Ndiyo maana joto la jukwaa huwashwa mapema na mlango wa nyuma wa kupakulia mizigo haufunguliwi mazoezi yakiendelea. Kinubi, chenye nyuzi 47, hukazwa saa moja kabla na tena wakati wa mapumziko, na uzi wa akiba uwe karibu kwa sababu lazima mmoja ukatike.

Mafua siyaongelei sana. Kila ala ina orodha ya watu wa akiba, na nakala zao zimetengwa tayari ziko na alama zote, mtu akipigiwa simu asubuhi apige jioni.

Mwambie Baba Mdogo jambo moja zaidi: kitabu cha programu cha msimu huu kimechapishwa, na ukurasa wa wafanyakazi lipo jina la ukoo wetu, limeandikwa sawasawa, herufi zote. Nakala nimeiweka kwenye bahasha hii, ni yake, aitunze.

Lakini Dada, kwaya ikianza kujipasha sauti namkumbuka Mama anavyoshika sauti ya tatu hata kama wenzake wamepotea. Huwa natamani kufunga mzigo siku hiyohiyo.

Ada: nusu inatoka wiki hii, utaipata kwa njia ile ya siku zote. Nusu nyingine mwisho wa Januari, kwa sababu malipo ya ziada ya Desemba hayaingii kabla ya hapo. Ongea na shule wakuandikie makubaliano, si ya mdomo.

Kiwanja: naja Machi, programu zikipungua, wiki mbili kamili. Mpaka hapo asiuze mtu, asijenge mtu, asipime mtu. Na hati ibaki kwa Shangazi, Baba Mdogo asiichukue hata akisema ni ya kutoa kivuli tu.

Ni mimi mdogo wako.