Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: ufunguo wa shule anao nani?

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Salaam. Nakuandikia kutoka kijiji cha wavuvi, pwani ya kusini, nikueleze namna watu wa nyumba moja wanavyoamua kuhama au kubaki kimbunga kinapotangazwa.

Ijumaa ya Mei 3, 2024, habari za Kimbunga Hidaya tulikuwa nazo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza, imamu akakumbusha baada ya swala, simu zikajaa ujumbe. Kwa hiyo asije mtu akakwambia hatukusikia. Vijana walivuta mitumbwi hadi kwenye minazi. Mimi na kaka tuliifungua mashine ya boti, tukaibeba kwa mti begani, tukailaza sebuleni kama mgonjwa. Mke wangu akatia vitambulisho, kadi za kliniki na kiberiti kwenye ndoo yenye mfuniko. Jirani alitandaza wavu mkuukuu juu ya makuti, akaufunga mawe pembeni. Hayo hatukufundishwa na semina.

Kilichotushinda ni kutoka. Tangazo lilisema tuhamie maeneo salama. Wapi? Kwetu jengo la tofali lililo mwinukoni ni moja tu, shule. Tulifika usiku na watoto mgongoni, mlango una kufuli, mwenye ufunguo anakaa kijiji cha pili. Tukajibanza barazani mvua ikitupiga ubavuni, mpaka kijana mmoja akalivunja kufuli. Kulipokucha, yeye ndiye aliyeitwa kujieleza.

Mama yangu hakuja kabisa. “Mwaka 2019 watu wa Mtwara walihamishwa, kimbunga kikaenda kupiga Msumbiji. Kimbunga Jobo nacho, 2021, kikafifia kabla ya kufika. Mwanangu, nimechoka kukimbia upepo usiokuja.” Simlaumu. Vimbunga kwetu ni nadra, tuko karibu na ikweta na Madagaska inatukinga na vingi. Anayekikumbuka kile kilichopiga Lindi Aprili 1952 ni wa kutafutwa kwa tochi. Ila sababu yenyewe alinitobolea siku kadhaa baadaye, tukinywa chai: mbuzi wake wanne, na ile mashine sebuleni, ambayo mkopo wake haujaisha. Nyumba ikiachwa tupu usiku, kinachobeba vitu si upepo peke yake.

Ombi langu basi, kabla ya Novemba, msimu wa vimbunga unapoanza tena. Kila kitongoji kitajiwe jengo lake, na ufunguo wa akiba ukae kwa mwenyekiti wa kitongoji, anayelala hapahapa. Sungusungu wapangwe kuzunguka kwenye nyumba zilizoachwa mpaka upepo utakapokaza, na warudi zamu mara utakapotulia. Mbuzi waruhusiwe uani mwa shule. Samadi tutafagia wenyewe. Tangazo litaje saa, tuondoke jua bado liko juu, na asemaye awe pia nahodha mzee wa hapa, maana wazee wakimwona yeye amepandisha ngalawa yake hawaulizi mara mbili.

Tena pawe na choo cha wanawake chenye mlango. Dada zangu wawili walirudi nyumbani usiku ule ule, katikati ya upepo, kwa sababu hiyo tu. Sisi wanaume hata hatukuwaza.

Malori ya kutupeleka mbali sidhani yatafaa. Wakati wa Hidaya, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga, magari yakakwama huku na huku. Tunahitaji mahali ambapo bibi anaweza kufika kwa miguu akiwa na fimbo yake.

Nilipita shuleni juzi. Wameshaweka kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza.

Wako mtiifu,
Mvuvi wa pwani ya kusini