Vijana wa michezo ya hadithi watengewe meza maktabani

Mhariri,

Naandika kuwatetea vijana wa Nairobi wanaovutiwa na michezo ya kuigiza hadithi mezani, ambayo wazazi wengi huiona kuwa upuuzi. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulichapishwa Marekani mwaka wa 1974, lakini binti yangu aliufahamu kwa kuwatazama watoto wa tamthilia ya Stranger Things, iliyoanza mwaka wa 2016, kisha akafuatilia kipindi cha mtandaoni cha Critical Role, ambamo waigizaji wa sauti huucheza mbele ya kamera kwa saa kadhaa. Hicho cha pili ndicho kilichomfaa zaidi, kwa sababu kanuni zinazochosha kitabuni hueleweka upesi mtu anapomwona mchezaji akieleza anachokusudia kutenda, akirusha dadu yenye pande 20, na msimulizi akiamua matokeo.

Jumamosi iliyopita, sebuleni kwetu, alimwongoza binamu yake wa miaka 12 kuvuka daraja lililolindwa na zimwi. Mvulana huyo, ambaye hunyamaza mbele ya wageni, alisimama akamsihi zimwi kwa Kiswahili fasaha mpaka akaruhusiwa kupita.

Naomba maktaba zetu za umma ziwatengee vijana hawa meza moja kila mwisho wa juma.

Mzazi,
Buruburu, Nairobi