Ile saumu waliyonisifia

Mwanangu,

Jana uliposema kwenye simu, na mimba yako hiyo, "Nakula tu ili mwenzangu asiongee," nilicheka. Usiku sikulala. Maneno hayo nayajua, ila mimi niliyasema moyoni, mwaka 1998, wewe ukiwa tumboni.

Umekua ukisikia kwamba ulikuwa mtoto mlizi, hukushuka mgongoni, mgeni akikutazama tu unaangua kilio. Shangazi zako walikuita king'ora, na mpaka leo harusini wanakutania. Upande wa pili hakuna aliyekusimulia, nami nilinyamaza.

Bibi yako alifariki Desemba 1997, mimba ikiwa ya miezi minne. Ndizo zile mvua za El Nino. Mto Rufiji ulifurika, barabara ya kuja kwetu Lindi ikakatika, na Daraja la Mkapa halikuwapo bado. Watu walivuka kwa pantoni pale Ndundu. Baba yako alikuwa Dar es Salaam. Mazishi hakuyawahi, wala arobaini. Msiba haujapoa, Ramadhani ikaingia. Mjamzito ana ruhusa ya kula akalipa baadaye, na watu waliniambia, lakini nilifunga mwezi mzima. Wakanisifu: mtazameni binti huyu, ana mimba, ana msiba, na bado anafunga!

Haikuwa imani, mama. Sikutaka kula. Saumu ilinipa pa kujificha. Magharibi nilikunywa strungi na kipande cha muhogo, basi. Wenzangu wakienda tarawehe, mimi nilibaki natafuna udongo. Kliniki nesi alinivuta kope ya chini akaona kumepauka. Damu ilikuwa 7.9, na kwa mjamzito ikiwa chini ya 11 tayari ni upungufu. Nikapewa vidonge vya damu. Nilivimeza kwa chai, nisijue kwamba chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Vikanichafua roho, nikaviacha. Hakuna aliyeniuliza nalala vipi au nalia mara ngapi. Neno sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, sikuwahi kulisikia. Walisema mimba imemkataa mume, na mume mwenyewe yuko ng'ambo ya Rufiji!

Haya nimekuja kuyaelewa ukubwani, tangu niwe mhudumu wa afya hapa kijijini. Akiba ya chuma ya mtoto hujengeka zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, naye huitegemea miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa. Huko Costa Rica walichunguza watoto wachanga wenye upungufu wa damu wa aina hiyo, wakakuta wana woga, wazito kucheka, wanamng'ang'ania mama. Niliposoma nilikuona wewe. Na Uingereza, upande wa Bristol, walifuatilia mimba zipatazo 14,000 kuanzia mwaka 1991. Wanawake waliokuwa na wasiwasi mkubwa mimba ikiwa imekua, watoto wao walipofika miaka minne walionekana zaidi kuwa na matatizo ya tabia. Mama akielemewa, homoni ya kotisoli hupanda kwenye damu yake. Kondo la nyuma huivunja sehemu kubwa, lakini si yote.

Sasa usianze kujihesabia dhambi. Hata huko Bristol, watoto wengi wa mama hao hawakuwa na tatizo. Na mdogo wako, ambaye mimba yake nilikula mpaka nikaona haya, alilia kuliko wewe! Hulka ya mtoto ina mizizi mingi. Wewe mwenyewe ulibadilika. Mama yako mdogo alikuja baada ya uzazi, akakaa miezi mitano, akanipikia samaki na kisamvu, akakubeba ili nilale. Kwanza nilianza kucheka mimi. Wewe ulifuata, ukiwa na miezi minane, ulipomwona kuku ameingia ndani ya sufuria.

Kinachoniuma si kwamba ulilia. Ni kwamba kilio chako kiligeuzwa kuwa tabia yako, wakati mimi niliyekuwa nazama nilipewa sifa za ucha Mungu.

Kwa hiyo Jumatatu nenda kliniki, na usimjibu nesi "sijambo" ya adabu. Mwambie huna hamu ya kula, huna raha na kitu, unaamka saa tisa usiku unatazama dari. Kuna maswali kumi yaliyotungwa Edinburgh kwa ajili ya mama waliojifungua, na wajawazito nao huulizwa. La mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru. Ukiulizwa hilo, mwanangu, jibu kweli. Na mawazo hayo yakikujia hata leo usiku, usingoje Jumatatu. Mwamshe mwenzako muende hospitali. Vidonge vya damu meza na maji ya ndimu, chai isubiri saa moja au mbili. Udongo acha, najua unaununua, nimesikia ukitafuna kwenye simu.

Nimefunga dagaa, karanga na ubuyu. Sitavituma kwa kondakta. Nimekata tiketi ya Jumamosi, nikilala Dar, Jumapili jioni niko Dodoma. Mwambie mwenzako ahamie sebuleni, kitandani nalala mimi na wewe.

Mama yako