Programu ya kusimamia mtandao yataka mtazamaji

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nizungumzie programu za kusimamia mitandao mikubwa ya kompyuta, jambo linaloonekana kuwahusu mafundi peke yao ilhali gharama yake humwangukia mwananchi.

Msimu mmoja wa kaskazi niliitwa katika ofisi ya umma yenye matawi kisiwani, Likoni na Changamwe. Matawi mawili yalikuwa yamekosa mawasiliano kwa siku tatu, na kila asubuhi wateja waliambiwa kuwa nyaya za baharini zimekatika. Ni kweli kwamba nyaya hizo hukatika. Mei 2024, EASSy na Seacom zilipopata hitilafu upande wa Afrika Kusini, sote tuliona intaneti ikizorota. Siku hiyo, hata hivyo, bahari ilisingiziwa. Kilichokufa ni swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta na vifaa vingine vya mtandao) iliyofungiwa ndani ya kabati lisilo na feni, chini ya ngazi, kwa joto letu hili la Mombasa. Programu ghali, inayolipiwa kwa idadi ya vifaa, ilikuwa imetoa ilani za joto hilo kwa wiki mbili, ikizituma kwa barua pepe ya mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi.

Programu ya aina hii huviuliza vifaa kila baada ya dakika chache, aghalabu kwa SNMP, utaratibu uliochapishwa mwaka 1988, kuhusu joto, makosa na wingi wa data inayopita. Ugumu hauko hapo. Swichi kuu ikizimika, vifaa hamsini vilivyo nyuma yake hunyamaza kwa pamoja, na fundi hupokea ilani hamsini badala ya moja, isipokuwa mtu anayeujua mtandao ule awe ameieleza programu ni kifaa gani kinategemea kipi. Kazi hiyo haimalizwi na mgeni anayekuja kwa siku mbili na kuondoka. Isitoshe, neno la siri la SNMP katika ofisi ile lilikuwa bado "public", kama lilivyotoka kiwandani, ingawa toleo la tatu la utaratibu huo, lenye uwezo wa kuficha mawasiliano, limekuwa kiwango kamili tangu 2002.

Zipo programu huria zisizodai ada ya leseni, kama vile LibreNMS na Zabbix, ambayo Alexei Vladishev wa Latvia aliitoa kwa umma mwaka 2001. Sisemi kwamba hazina gharama: hifadhidata hujaa, na matoleo mapya hayajisakinishi. Ila fedha za leseni zingeweza kulipa vijana wawili wa hapa hapa Mombasa wa kuziangalia.

Kwa hiyo naziomba idara husika, zitakapotangaza zabuni nyingine ya aina hii, zidai maelezo ya nani atapokea ilani saa nane za usiku, na nani atazipokea mtu huyo akiwa likizoni au akihama.

Fundi wa mitandao,
Tudor, Mombasa